Injini na Mafuta katika Ndege Ndogo za Mafunzo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale wanafunzi wa urubani huuliza wakisimama kando ya Cessna 152, Cessna 172 au Piper Warrior, mikono ikinuka mafuta. Nimeyajibu nikiwafikiria zaidi wanaojifunza Afrika Mashariki, kwa sababu injini ileile ikiwa Wilson, Nairobi, haina tabia iliyo nayo ikiwa Mombasa au Zanzibar. Pale jibu langu linapotofautiana na kitabu cha ndege yako, fuata kitabu.

Kwa nini ndege ya mafunzo bado inatumia injini ya kizamani hivi?

Kwa sababu inafanya kazi, na kwa sababu kuthibitisha injini mpya ya ndege ni gharama kubwa mno. Cessna 172 iliruka mara ya kwanza mwaka 1955 ikiwa na injini ya Continental ya silinda sita. Mwaka 1968 ikahamia Lycoming O-320 ya silinda nne, na familia hiyo ya Lycoming ndiyo utakayoikuta mbele ya nyingi ya ndege za mafunzo hadi leo.

Herufi O ina maana kwamba silinda zimelala zikitazamana, mbili kila upande. Nambari 320 ni ujazo kwa inchi za ujazo, yaani karibu lita 5.2. Ukiona IO-360, ile I inakuambia mafuta yanaingizwa kwa sindano badala ya kabureta. Wanafunzi hushangaa kwamba lita 5.2 zinatoa nguvu farasi 160 tu, wakati gari dogo lenye tabo hufikia hapo kwa lita 1.6. Lakini injini ya gari hufikia nguvu hiyo ikizunguka kwa kasi kubwa, na tena kwa muda mfupi. Hii imeunganishwa na propela moja kwa moja, bila giaboksi. Propela ikizunguka kupita kiasi, ncha zake hukaribia kasi ya sauti na kuanza kupiga kelele tu bila kuvuta. Ndiyo maana mwisho wake ni karibu mizunguko 2,700 kwa dakika. Kwa mwendo huo inaweza kufanya kazi asubuhi hadi jioni, ikipozwa na upepo tu, bila rejeta ya kutoboka.

Nikizima swichi kuu angani, injini itazimika?

Haizimiki. Cheche za plagi zinatoka kwenye magneto mbili, na kila magneto hujitengenezea umeme wake ikizungushwa na injini. Betri ikifa, redio na taa zitakwenda, injini itaendelea. Kila silinda ina plagi mbili, moja kwa kila magneto, ili ya kwanza ikiharibika ya pili ikufikishe nyumbani. Plagi mbili pia huchoma mafuta vizuri zaidi kuliko moja, na ndiyo sababu ukizima magneto moja wakati wa majaribio, mizunguko hushuka kidogo.

Kushuka huko ni kwa kawaida. Katika 172S, ile Cessna 172 yenye injini ya sindano, unajaribu kwenye mizunguko 1,800. Kila upande usishuke zaidi ya 150, na tofauti kati ya pande mbili isizidi 50. Ikishuka sana na injini ikatetemeka, mara nyingi plagi imejaa uchafu wa risasi (madini ya lead) kutoka kwenye mafuta. Punguza mafuta kwa kishikio chekundu cha mchanganyiko, ongeza nguvu kwa muda mfupi, kisha jaribu tena. Ikikataa, rudi kwa fundi.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalitilii maanani ni pale mizunguko *isiposhuka kabisa*. Wao hufurahi. Mimi huogopa. Huenda waya unaozima magneto umekatika, na maana yake ni kwamba magneto hiyo inaishi hata ufunguo ukiwa umetolewa. Mtu akiisukuma propela kwa mkono na kukawa na mafuta kidogo kwenye silinda, injini inaweza kuwaka ghafla. Propela yoyote ichukulie kuwa iko hai, hata ndege ikiwa karakana.

Mafuta yanafikaje kutoka kwenye bawa hadi kwenye silinda?

Hapa ndipo ningependa mwanafunzi atumie muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Injini hizi ni nadra kuvunjika. Zikinyamaza angani, mara nyingi ni kwa sababu mafuta hayakufika, au yalifika yakiwa na kitu kingine ndani yake, na karibu kila mara kulikuwa na dakika fulani pale chini ambapo rubani angeweza kuligundua.

Katika Cessna 152 na 172 za kabureta, matangi yako juu, ndani ya mabawa, na mafuta hushuka kwa uzito wake yenyewe. Yanapitia valvu ya kuchagua tangi iliyo sakafuni (152 ina kufungua na kufunga tu), kisha filta, kisha kabureta. Hakuna pampu inayohitajika. Katika Piper Warrior matangi yako chini ya injini, kwa hiyo mafuta lazima yavutwe: kuna pampu inayoendeshwa na injini, na ya umeme ya kuisaidia wakati wa kupaa na kutua. Zaidi ya hayo, valvu ya Piper haina nafasi ya "yote mawili". Ni kushoto au kulia, na wewe ndiwe wa kukumbuka kubadilisha. Marubani waliozoea Cessna wameshatua mashambani kwa Piper huku tangi la upande wa pili limejaa.

Halafu kuna tundu la hewa. Mafuta yakitoka tangini, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa tundu moja tu linakupa somo lote: linatoa kidogo, linasita, linakataa. Kwenye 172 tundu hilo ni kibomba kidogo chini ya bawa la kushoto, karibu na nguzo. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapapenda sana, hasa ndege ikikaa siku kadhaa bila kuruka. Litazame, usilipite tu.

Kwa nini nidreni mafuta kila asubuhi wakati jana yalikuwa safi?

Kwa sababu jana si leo. Usiku unyevu hugeuka maji ndani ya tangi lisilojaa, na mvua hupenya kwenye vifuniko ambavyo mpira wake umezeeka. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, palepale mafuta yanapochukuliwa. Cessna 172S ina sehemu 13 za kudreni, yaani za kutolea mafuta kidogo kwenye kikombe cha kupimia: tano kila bawa na tatu chini ya mwili. Ndiyo, zote 13. Huwa nasikia manung'uniko kila muhula.

Ukishika kikombe hicho mbele ya mwanga, tafuta mstari au matone yanayobingirika chini. Kisha angalia rangi. Avgas 100LL, petroli ya ndege hizi, ni ya bluu. Mtego ni huu: kikombe kikijaa maji matupu hutaona mstari wowote, kwa sababu hakuna vitu viwili vya kutenganisha. Kinachokuokoa ni rangi, basi. Kikombe kisicho na rangi ni maji au ni Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, na vyote viwili havikuhusu. Usikitazame kikombe mbele ya anga la bluu. Kiweke mbele ya bawa jeupe.

Ukipata maji, dreni tena na tena, tikisa mabawa taratibu, subiri, dreni tena. Yakiendelea kutoka, ndege hairuki.

Wakitia Jet A-1 kwa makosa, nini kitatokea?

Utawasha, utatembea ardhini, huenda hata majaribio ya injini yakapita, kwa sababu mabomba na kabureta bado vina avgas ya zamani. Kisha utapaa. Jet A-1 ni jamii ya mafuta ya taa; haina oktani (uwezo wa kustahimili mgandamizo bila kugonga) ambayo injini hii inahitaji. Ikifika kwenye silinda inalipuka vibaya badala ya kuungua kwa mpangilio, injini inagonga, inapata joto kali, pistoni zinaweza kutoboka. Yote hayo ukiwa futi mia chache juu ya mapaa ya watu.

Simama pale mafuta yanapotiwa. Soma maandishi kwenye gari la mafuta, usimwachie mtu mwingine. Ukiwa na shaka, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: avgas hukauka na kutoweka, Jet A-1 huacha doa la mafuta.

Naweza kutumia petroli ya gari?

Kwenye Cessna au Piper ya chuo, hapana, isipokuwa ndege hiyo ina kibali maalumu kilichoandikwa kwenye karatasi zake. Petroli ya pampu hugeuka mvuke mapema kwenye joto na mwinuko, na inaweza kuwa na ethanoli inayokula mipira na kunyonya maji.

Rotax 912 ni habari nyingine. Injini hiyo ya Austria, ya nguvu farasi 80 au 100, ilitengenezwa ikitarajia petroli ya gari, na avgas yenye risasi ndiyo inayoichafua. Vichwa vya silinda zake vinapozwa kwa maji, na ina giaboksi kwa sababu inazunguka hadi 5,800. Ukitoka kwenye Lycoming sauti yake itakutia wasiwasi siku za mwanzo. Utazoea.

Kile kishikio chekundu cha mchanganyiko: nikivute lini?

Ukikivuta unapunguza mafuta yanayochanganywa na hewa; ukikisukuma ndani unayaongeza. Kama unajifunza Dar es Salaam, mwalimu atakuambia kupaa ni kishikio kikiwa ndani kabisa, na hakosei. Kama unajifunza Nairobi, kufanya hivyo ni kosa.

Injini hupenda karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Kabureta hupima mafuta kana kwamba uko usawa wa bahari. Ukipanda, hewa inapungua lakini mafuta hayapungui sawasawa nayo, na mchanganyiko unakuwa mzito. Injini inakohoa, moshi mweusi unatoka, plagi zinachafuka, nguvu inapotea.

Uwanja wa Wilson uko juu ya futi 5,500. Shinikizo la hewa pale ni karibu asilimia 82 ya lile la baharini, na hilo ni kabla hujahesabu joto. Mchana wa nyuzi 25, ndege inajiona kama iko futi 8,000. Kwa hiyo unapoteza nguvu nyingi hata ukifanya kila kitu vizuri, na ukiacha mchanganyiko mzito unajinyang'anya hata kidogo ulichobakiwa nacho. Kabla ya kupaa, fungua nguvu yote huku ndege imesimama, vuta kishikio polepole hadi mizunguko ifike juu kabisa, kisha rudisha ndani kidogo. Hata wakati wa kutembea ardhini vuta kwa wingi, plagi zitakushukuru.

Kuna mambo mawili watu husahau. La kwanza ni kutua. Orodha nyingi za ukaguzi zinasema "mchanganyiko mzito" kabla ya kutua. Ukifanya hivyo Nairobi, kisha ukalazimika kupaa tena, injini inaweza kusita pale unapoihitaji zaidi. Weka kama ulivyoweka kwa kupaa. La pili ni safari ya kwenda pwani. Ukitoka Nairobi kwenda Malindi au Ukunda, unateremka maelfu ya futi. Usiporudisha kishikio ndani kadiri unavyoshuka, mchanganyiko unakuwa mwepesi mno na injini inaanza kutetemeka kabla hujaiona bahari.

Barafu kwenye kabureta? Hapa kwetu kuna joto!

Swali hili huulizwa kwa kicheko, na ningependa kicheko kiishe. Mafuta yakigeuka mvuke ndani ya kabureta hunyonya joto, na hewa inayopita sehemu nyembamba hupoa pia. Joto linaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi mle ndani. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 20 na unyevu mwingi, basi ndani ni barafu. Imeshatokea hata kwenye hewa ya nyuzi zaidi ya 30 yenye unyevu. Asubuhi ya Julai Nairobi yenye mawingu ya chini na manyunyu ni hali inayofaa kabisa.

Dalili katika ndege yenye propela ya pembe isiyobadilika ni mizunguko kushuka polepole bila wewe kugusa kitu. Mwanafunzi husukuma nguvu kidogo kufidia, kisha kidogo tena, na hivyo kuficha ugonjwa. Vuta kishikio cha joto la kabureta, kinacholeta hewa ya moto; kivute chote, si nusu. Kwanza mambo yataharibika zaidi: mizunguko inashuka, injini inatikisika, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi na barafu iliyoyeyuka inapita kwenye silinda kama maji. Wengi hapa hushtuka na kurudisha kishikio. Usikirudishe! Subiri, mizunguko itapanda.

Continental O-200 ya Cessna 150 huathirika zaidi kuliko Lycoming, ambayo kabureta yake imefungwa chini ya hodhi la oili na hupata joto kidogo kutoka huko. Ardhini usitumie joto hilo bila sababu: hewa yake haipiti kwenye filta, na vumbi la viwanja vyetu vya murram ni msasa kwa silinda.

Injini ya sindano haina barafu ya kabureta. Mbona basi ikiwa moto haiwaki?

Kila jema na kero yake. Ukizima 172S pale Mombasa adhuhuri na kurudi baada ya nusu saa, mafuta yaliyo kwenye vibomba vyembamba juu ya silinda yamechemka na kuwa mvuke. Ukiongeza mafuta kama ya kuwasha asubuhi, unaizamisha. Njia inayotumika mara nyingi ni kufungua nguvu kidogo, kuacha mchanganyiko umefungwa, kupiga stata, na injini ikishika tu unasukuma kishikio chekundu. Stata ipe sekunde 10, kisha ipumzishe. Ukigeuza ndege ielekee upepo kabla ya kuizima, joto hutoka haraka zaidi.

Geji ya mafuta inasema nusu. Niiamini?

Panda juu ya bawa ukatie kijiti. Geji za ndege hizi huchezacheza ndege inapoinama, na nimeziona zikidanganya kwa furaha kabisa.

Kisha piga hesabu, na uwe macho na vipimo. Kitabu cha Marekani kinasema galoni za Marekani, lita 3.785 kila moja. Galoni ya Uingereza ni 4.546, muuzaji atakutilia kwa lita, na hesabu ya uzito unaifanya kwa kilo au paundi. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu ya kuchanganya paundi na kilo, na hao walikuwa marubani wenye uzoefu mkubwa. Lita moja ya avgas ni karibu kilo 0.72.

Cessna 152 ya matangi ya kawaida ina karibu lita 93 zinazotumika na hula takriban 23 kwa saa. 172S ina lita 200, hula 33 hadi 38 kutegemea nguvu na jinsi ulivyoweka mchanganyiko. Dakika 30 za akiba mchana ndicho kiwango cha chini cha sheria katika nchi nyingi. Mimi huwataka wanafunzi wangu watue na saa nzima. Wakinung'unika, nawaonyesha ramani ya Tsavo na kuwauliza wangetua wapi.

Oili kiasi gani?

172S hubeba kwati 8, na usiruke ikiwa chini ya 5. Kwati ni kidogo pungufu ya lita. Ukiwasha, shinikizo la oili lazima lionekane ndani ya sekunde 30, la sivyo zima. Angani, shinikizo likishuka *na* joto likipanda pamoja, hilo si tatizo la geji. Tafuta pa kutua sasa.

Moto ukiwaka nikiwasha injini, nikimbie?

Bado. Mara nyingi ni mafuta yaliyojaa kwenye kabureta kwa sababu ya kupampu kishikio cha nguvu. Endelea kupiga stata: injini itavuta moto ndani yake. Ikiwaka, iache izunguke kidogo kisha uizime ukague. Isipowaka, funga mchanganyiko, fungua nguvu yote, endelea na stata. Moto usipozimika, funga mafuta, zima swichi zote, *sasa* toka.

Chuo kimeleta Diamond ya dizeli. Ni bora?

Kwa Afrika, kwa upande wa mafuta, naona ni bora. Avgas ni ghali na katika viwanja vingi haipo kabisa, wakati Jet A-1 ipo popote ndege kubwa zinapotua. DA40 NG yenye injini ya Austro hunywa hiyo Jet A-1, haina magneto wala plagi za cheche, haina kishikio chekundu, na tabo yake haijali sana mwinuko wa Nairobi. Una mkono mmoja wa nguvu. Kompyuta hufanya mengine.

Lakini kompyuta hiyo inahitaji umeme. Mwaka 2007 huko Ujerumani, DA42, Diamond yenye injini mbili, iliyowashwa kwa umeme wa nje kwa sababu betri yake ilikuwa imeisha ilipaa, rubani akapandisha magurudumu, umeme ukashuka kwa sekunde chache, na injini zote mbili zikazimika. Kwa hiyo lile jibu langu la pili hapo juu halihusu ndege hizi. Betri iliyokufa kwenye Diamond inachajiwa vizuri au inabadilishwa, hairushwi.

Hiyo "risasi" kwenye 100LL ni hatari kwangu?

Ni sumu. 100LL inaweza kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita, na herufi LL zinasema tu kwamba ni kidogo kuliko zamani. Usimwage kikombe cha kupimia kwenye majani. Kama mafuta ni safi yarudishe tangini, na kama ni machafu yaweke kwenye chombo cha taka za mafuta. Nawa mikono kabla ya kula chapati. Marekani imelenga kuachana nayo ifikapo mwisho wa mwaka 2030, na tayari kuna mafuta ya oktani 100 yasiyo na risasi yaliyoidhinishwa huko mwaka 2022. Siku yakifika kwenye gari la mafuta hapa kwetu, swali la kwanza kumuuliza fundi ni kama ndege yako ina karatasi za kuyaruhusu, na la pili ni rangi yake, ili ujue unatafuta nini ndani ya kikombe.